Namba Nne kwenye Ukuta wa Mama

Katika miaka ya tisini nilikuwa mtunza stoo wa chuo cha ualimu nje kidogo ya Shinyanga mjini. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijisomea mwenyewe, katika vitabu vilivyochakaa ambavyo maktaba ya chuo ilivitoa na mimi nikavipanga nyuma ya magunia ya maharage. Nilipenda mpangilio kuliko kitu chochote. Kila kilichokuwa stooni kilikuwa na namba: majembe, sufuria, ndoo, hata ngazi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu hofu ninayoieleza hapa niliianzisha mimi, kwa tabia hiyo hiyo.

Kulikuwa na mwanachuo wa kike wa mwaka wa pili, ambao ndio wa mwisho, aliyekuja kila Jumamosi asubuhi kuazima ndoo sita. Alitoka Iringa. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na alipoongea nawe ulihisi ameshaanza kuondoka. Sitasema alikuwa mpole. Akikuona umekosea alikuambia, na akikosea yeye alikiri hapo hapo, bila kujieleza sana. Wenzake walimpenda na walimchoka kwa wakati mmoja.

"Sisi tunaomba kupangiwa Mwanza, mwenzetu anaomba Rwamgasa," mmoja alimtania mlangoni pangu. "Unakwenda kufundisha au kuchekecha dhahabu?"

"Asubuhi nafundisha, jioni nachekecha. Nikipata, wewe sikujui."

Walicheka, lakini mpango ulikuwa wa kweli. Wakati wa mazoezi ya kufundisha alipelekwa huko Geita, akakuta darasa lenye watoto wachache kuliko madawati. Waliobaki walikuwa mialoni, wanakoponda na kuosha mawe ya dhahabu. Aliniambia angeomba shule ile ile, na kama watoto hawaji, angewafuata huko huko na ubao mdogo.

Wakati akisubiri hilo, alikuwa ameanzisha kikundi cha kujitolea. Nyuma ya chuo palikuwa na kitongoji cha nyumba thelathini hivi, na ndani yake wanawake wazee sita waliokuwa wakiishi peke yao. Kila Jumamosi wanachuo waliwapelekea maji na kuni. Wa nne kati ya hao sita alikuwa mama yangu. Nilikuwa nimemwomba mara nyingi ahamie kwangu, kwenye chumba changu cha chuo, akakataa. Alisema hawezi kulala mahali ambapo asubuhi anaamshwa na kengele.

Jumamosi moja yule mwanachuo alirudisha ndoo akiwa amekasirika.

"Kaka, wa mwaka wa kwanza wamepeleka maji mara mbili nyumba moja, na bibi mwingine hakupata hata tone. Nyumba zote wanaziona sawa."

"Wekeni namba," nilimwambia. "Moja hadi sita, kwa chokaa, pembeni ya mlango. Hata mgeni hatapotea."

Nikampa kopo la chokaa na brashi. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Yeye alikuwa mgeni. Mimi nilizaliwa pale. Nilijua kwamba wazee wetu wa kike wana macho mekundu, kwa sababu kuni ni za shida na maisha yao yote wamepikia samadi kavu na mabua ya pamba. Nilijua watu wanavyoyasoma macho hayo. Katika kijiji cha jirani, miezi michache kabla, mwanamke mzee alikuwa amekatwa mapanga nyumbani kwake baada ya kuitwa mchawi. Nilijua pia, kama kila mtu, kwamba wauaji wa namna ile hukodiwa kutoka mbali. Hawazijui nyumba. Lazima mtu awaonyeshe.

Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Lakini siku ile nilifikiri kama mtunza stoo.

Jumapili asubuhi nilikwenda kumsalimia mama. Nilimkuta amekaa juani, katikati ya uwanja, akiwa na sufuria zake, mkeka na blanketi pembeni. Nyumba ilikuwa wazi nyuma yake. Kwenye ukuta wa udongo, kushoto kwa mlango, namba nne ilikuwa nyeupe sana.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu, kama tunavyomsalimu mama asubuhi kwa Kisukuma.

Hakuitikia. Aliuliza, "Nani amenionyesha?"

"Ni wale wanachuo, mama. Ni kwa ajili ya maji."

"Maji yalikuwa yanakuja bila hiyo." Aliongea polepole, akitazama njia. "Kwa huyu jirani ipo? Kwa yule pale ipo? Ipo kwangu na kwa wazee wenzangu. Asubuhi wamepita wanaume wawili na baiskeli. Siwajui. Wamesimama hapo ulipo, wakasoma, wakaenda."

"Walisema nini?"

"Hawakunisalimu."

Hilo la kutosalimiwa ndilo lililonitisha. Jirani wa upande wa magharibi alikuwa amefiwa na mtoto kwa homa wiki mbili kabla, na alikuwa amekwenda kwa mganga. Mganga alimwambia nini hatukujua. Wale wanaume wawili mpaka leo sijui walikuwa nani. Pengine walikuwa wanunuzi wa ng'ombe tu.

Nilichukua jembe nikaanza kuikwangua ile namba. Chokaa ilikuwa imeingia ndani ya udongo. Kadiri nilivyokwangua, ndivyo palivyobaki shimo jipya, jekundu, kubwa kuliko namba yenyewe. Nikaliacha jembe. Nikarudi chuoni mbio, mtu mzima, mchana kweupe.

Nilimkuta yule mwanachuo jikoni akichambua mchele, nikamweleza yote. Mwanzoni alikunja uso kama mtu anayesikiliza hadithi ya kijinga. Kisha mikono yake ikaacha kusogea.

"Nimewaandika mimi kwa mkono wangu," alisema. "Wote sita."

"Nilikwambia mimi."

"Hilo tutagombana baadaye, kaka. Ukifuta inaonekana?"

"Inaonekana zaidi."

Aliusogeza mchele pembeni. "Basi tuziandike zote. Kila nyumba. Kama ni alama, iwe ya kila mtu."

Tulikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, mzee mkali asiyependa wanachuo, lakini aliyesikilizwa na kitongoji kizima. Alimsikiliza yule mwanachuo, akamwambia, "Wewe binti ulitaka kutuulia mama zetu kwa ndoo ya maji." Yule mwanachuo akajibu, "Ndiyo, mzee. Sikujua." Balozi akainuka, akatuongoza mpaka mlangoni kwake, akaonyesha ukuta. Tukaandika saba.

Kazi hiyo ilichukua siku nzima. Tulipiga hodi, balozi akaeleza, watu wakakubali, wengine kwa kunung'unika. Yule mwanachuo aliandika, mimi nikashika kopo. Nyumba moja tu ilikataa. Ilikuwa ya yule jirani aliyefiwa.

"Namba zenu pelekeni kwa wenyewe," alisema, akafunga mlango.

Tulibaki tumesimama pale. Sasa kitongoji kizima kilikuwa cheupe isipokuwa ukuta mmoja, na sote tulijua maana yake: mwenye ukuta huo ameshamchagua mchawi wake. Balozi alikohoa, akaondoka. Mama, ambaye alikuwa akitazama kutoka uwanjani kwake, alianza kukunja mkeka.

"Sasa nipeleke kwako," aliniambia. "Lakini si leo jioni kama mwizi. Kesho asubuhi, watu wakiwa wameamka."

Alilala kwa balozi. Asubuhi nilikuja na yule mwanachuo, ambaye aliacha kipindi bila ruhusa. Alibeba sufuria kichwani, mimi mkeka na blanketi. Mama alibeba kuku wake mmoja. Njia fupi ya chuoni ilikuwa nyuma ya nyumba, lakini mama aliikataa. Alipita mbele, kitongoji kizima, akisimama kila uwanja kusalimia na kuaga, ili mtu asije akasema amekimbia. Nilitaka kumvuta mkono. Kila mlango uliofunguka ulinishtua.

Kwa jirani yule aliyefiwa alisimama kama alivyosimama kwingine. "Mwangaluka," alisema. Mwenye nyumba alikuwa ananoa panga la kukatia mabua. Hakuinua uso. Mama akarudia, kwa sauti ile ile, na akangoja. Mimi niliangalia panga tu.

"Mwangaluka, mayu," alijibu hatimaye.

"Ninakwenda kwa mwanangu. Mkeo nimemwachia majivu ya kulainishia mboga."

Tukaendelea. Tulipovuka uzio wa chuo, mama alimgeukia yule mwanachuo, ambaye alikuwa analia bila sauti huku sufuria zikigongana kichwani.

"Nasikia unataka kwenda kwenye dhahabu."

"Ndiyo, bibi. Kufundisha."

"Huko ukifika, kabla hujaandika kitu, uliza kwanza."

"Nitauliza, bibi."

"Na hizo sufuria shika vizuri. Ninazo mbili tu."