TV ya sola niliyopunguziwa Bunda ilivyotoa moshi mbele ya baba mkwe Butiama

Wakuu, habari za mchana. Hii sikusimuliwa, ni yangu mwenyewe, na mke wangu anasoma hapa begani kuhakikisha sijapunguza kitu.

Mimi ni wa Musoma, Iringo, nauza vyombo vya plastiki. Sinunuagi kitu kwa bei ya kwanza, hata dawa ya malaria.

Nilikuwa naoa Butiama. Baba mkwe alishataja ng'ombe wa mahari, na walikuwa wengi. Nikaona nitangulize TV, mzee alainike, halafu baba mdogo, mshenga wangu, aombe punguzo.

Nikaenda mpaka Bunda, nilisikia huko bei ziko chini.

Mama mwenye duka akaniuliza, "Hii ni ya DC, ya sola. Huko inakoenda kuna sola au umeme wa nguzo?"

Nikajua ananipima mfuko. "Mama, umeme ni umeme. We punguza."

"Labda nitoe hii adapta, bei ishuke." Akanionyesha kiboksi cheusi.

"Toa."

Nikaondoka najiona mjanja wa mkoa mzima.

Butiama, wazee wamekaa, umeme wa nguzo upo. Waya wa TV una vibanio vya betri, chekundu na cheusi. Nikavikata, nikafunga plagi, nikachomeka ukutani.

Pwaa. Moshi. Nyumba nzima giza.

Mzee akaiangalia kwa utulivu. "Mkwe, hii ni chaneli gani?" Nikakiri kwamba adapta niliiacha dukani ili nipunguziwe.

Sasa wakuu, elimu niliyoipata kwa hasara ni hii. DC, ya betri na sola, inaenda upande mmoja tu, na TV ile ilitaka volti 12. AC, ya nguzo, inaenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde, tena volti 230. Kile kiboksi ndicho kingeishusha na kuinyoosha.

Baba mdogo akasimama hivyohivyo kuomba punguzo.

Mzee akamuuliza, "Na ng'ombe nao mnataka niwapunguze kama alivyopunguziwa hii?"

Baba mdogo akakaa.

Ng'ombe walienda wote. Niliwahesabu mara mbili nikitegemea nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Kabla hujalipa, soma kistika cha nyuma: DC au AC, na volti ngapi. Kubishana bei kuje baadaye.

Nani mwingine kashaunguza kitu ukweni? Na mafundi mliomo humu, hii TV inafufuka? Tajeni bei, tutaongea.