Kokoto la Shemeji

Dada yangu ana kasoro moja kubwa kwa muuzaji wa miwani: hawezi kuuza kitu kabla hajakipiga. Nyuma ya kaunta anaweka bakuli la kokoto. Mteja akiuliza lenzi ipi nzuri, yeye humuuliza kwanza anafanya kazi gani, kisha hulaza lenzi juu ya kitambaa na kuiangushia jiwe. Mume wangu, mwenye duka, humwita Mama Kokoto, na si kwa mapenzi.

Siku hiyo alikuja mchonga mawe. Jicho lake la kushoto lilikwenda zamani na kipande cha jiwe. Limebaki moja, na ndilo linalolisha nyumba nzima. Mume wangu, ambaye kabati lake limejaa lenzi za kioo zilizokosa wanunuzi, alimrukia kabla dada hajanyanyuka.

"Chukua kioo, mzee. Hakikwaruziki ng'o! Wajukuu watakirithi."

"Watakirithi pamoja na jicho la bandia," dada akasema. "Mzee, kwa kazi yako chukua plastiki hii ngumu. Sikufichi, inakwaruzika upesi, utarudi kubadilisha. Na ukishika tindo, vaa miwani ya kinga inayoziba hadi pembeni."

"Shemeji, unanifukuzia mteja!"

"Basi kivae wewe, shemeji, nikurushie kokoto moja tu. Kama ni imara, unaogopa nini?"

Mzee akamgeuzia mume wangu lile jicho lake moja, akasubiri. Maji yalikuwa yamefika shingoni. Mume wangu akavaa miwani ya kioo, akaketi kitini, akatoa kifua kama anayepigwa picha ya pasipoti. Dada akachagua kokoto bila haraka, akalipuliza vumbi, akainua mkono.

Kiti kikabaki kitupu.

"Hakikwaruziki!" sauti ikatoka chini ya kaunta.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikaona haya, maana huyo ndiye baba wa wanangu.

Mzee akainama, akamtazama huko chini.

"Bwana," akasema kwa upole, "wewe unayo mawili, na umeyaficha yote."

Baada ya kitambo mkono ukachomoza kutoka chini ya kaunta, umeshika boksi la lenzi za plastiki.