Bunduki Niliyomchagulia Baba Zaina

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Ni siku niliyomchagulia mume wangu bunduki. Nilikuwa na mimba ya pili, tumbo liko mbele, na mdomo uko mbele zaidi ya tumbo.

Wakati huo tunakaa Mazingara, na nguruwe pori wanatumaliza. Mnalima, mnapalilia, mahindi yanaanza kubeba, asubuhi mnakuta shamba lote limelala chini. Baba Zaina ndiye alikuwa mwindaji wa kijiji, ana kibali chake, ila gobore la babake lilishachoka. Likilia mara moja, linanuna mara tatu. Wazee wakamwambia nenda Korogwe ukatafute bunduki ya maana. Nikasema siachwi. Tukapanda basi wote wawili.

Tulikwenda kwa fundi mmoja wa bunduki, mtu mzima. Mitutu alikuwa anaipata mizuri, ya kutoka Ulaya, lakini kitako, ile mbao ya kukaa begani, anachonga mwenyewe, na anakimalizia mbele yako kwa kipimo chako, kama fundi cherehani na suruali. Alikuwa anaongelea puani, na mimi namwigiza hapo hapo mbele yake. "Kunja mkono, bwanaaa. Kunja. Kitako kikae hapa kwenye kiwiko. Haya, kidole kinafika kwenye kifyatulio?" Ndivyo walivyokuwa wanapima. Kidole kikifika, bunduki ni yako. Kisipofika, kitako kinapunguzwa kwa msumeno. Ni mbao tu, kazi ya dakika tano.

Akatuwekea mbili mezani. Moja nyepesi, mbao yake haina hata mstari, imekaa kama mwiko wa ugali. Ya pili sasa, we! Mninga unang'aa, na ubavuni mwa kitako amechonga nyati mzima, pembe, masikio, mpaka mkia, na huo mkia umefika mwisho kabisa wa mbao.

Baba Zaina akaanza na ile nyepesi. Ikamkaa begani utadhani kazaliwa nayo. Mimi nikashindwa kunyamaza. "Hiyo si ya kufukuzia kuku, Baba Zaina?" Fundi akacheka. Kulikuwa na wanaume wawili wanangoja zamu, nao wakacheka. Na mimi mwanangu, watu wakishacheka, nilikuwa siwezi tena kujizuia.

Akaiweka chini, akashika ya nyati. Kidole hakikufika. Mume wangu alikuwa na mikono mifupi, na kila siku namtania kwa hiyo mikono. Fundi akachukua penseli, "Hii ndefu kwako bwanaaa, ngoja niipunguze." Akachora mstari. Mstari ukapita katikati ya makalio ya nyati.

"Unakata wapi?" nikamshika mkono. "Nifike Mazingara na nyati aliyeliwa nyuma na fisi? Baba Zaina, nyoosha mkono bwana! Au wenzio walipogawiwa mikono wewe ulikuwa umelala?"

Wale wanaume wakapiga makofi kwa kicheko. Fundi yeye safari hii hakucheka. Akaniuliza, "Mama, kwani anayekwenda porini ni wewe?" Nikabana pua, nikamjibu kwa sauti yake, "Siendi bwanaaa." Wakafa kwa kucheka.

Baba Zaina alitabasamu kidogo. Akasema, "Usikate, fundi. Nitaizoea."

Tulirudi nimeipakata miye mwenyewe, nimeizungushia kitenge. Kijijini watu wakaja kumshikashika nyati. Nikajiona mke wa mtu wa maana.

Haikufika hata msimu mmoja. Asubuhi moja ya baridi alitoka na jirani yetu Mhina, amevaa koti zito. Mhina ndiye alikuja mbio kuniita, na Mhina alikuwa anaongea kama anafukuzwa, "Shemeji, katoka kwenye matete, nguruwe, dume, Baba Zaina kainua bunduki, kitako kikakwama kwapani, kavuta, kimekwama kwenye koti, kavuta tena, shemeji, wapi!" Hakupata nafasi ya kuvuta mara ya tatu. Nguruwe alimpasua paja. Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani. Hospitali wakamwokoa, lakini mguu waliukata juu ya goti.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pananiua. Kila aliyekuja kumpa pole alimuuliza, ilikuwaje na bunduki nzuri vile? Mamake alimuuliza. Wazee walimuuliza. Jibu lake lilikuwa hilo hilo, "Niliichagua mwenyewe." Anasema hivyo na mimi nimekaa pale, wala hanitazami. Nilitamani anitukane. Nikianza, "Baba Zaina, siku ile kwa fundi…" ananikatiza, "Mama Zaina, chai inapoa."

Aliishi na magongo mpaka Zaina akaolewa. Mwanaume aliyekuwa anavuka mito anafuata mnyama, akawa mtu wa kupukuchua mahindi barazani, na mahindi yenyewe machache, nguruwe wanakula mbele ya macho yake. Na mimi zile sauti za watu nilizokuwa naigiza ziliniisha. Siku moja akaniambia, "Siku hizi huniigizii watu." Nikajaribu, kwa ajili yake. Haikutoka kitu. Akageuka akaendelea na mahindi yake. Akafa sijamwomba msamaha.

Juzi nilipopita kwenu nilikuona na mumeo mmeinamia simu. Amepata kibali cha kuwinda, anachagua bunduki, na wewe unamwambia, "Chukua hiyo nyeusi, utapendeza kwenye picha." Akasema nzito. Ukamcheka, "Mzito wewe!" Akacheka na yeye. Mimi nilikuwa naangalia uso wake, wewe ulikuwa unaangalia simu.

Mwanangu, kitu ambacho mwenzio atakibeba kwa mwili wake, mwache mwili wake ukichague. Akisema ndefu, ni ndefu. Akisema nzito, ni nzito. Mtanie mkiwa mnakula, mtanie mkiwa mnalala, lakini anapopima kitu cha kumrudisha nyumbani, funga mdomo. Na ukishamcheka, mfuate leo hii umwambie nimekosa, hata akikwambia chai inapoa, iache ipoe, useme mpaka mwisho. Mimi nakwenda kusema makaburini. Nasema mpaka koo linakauka, narudi nyumbani na mzigo ule ule.

Haya, njoo nikushike kichwa. Mungu akupe masikio ya kumsikia mumeo angali anaongea. Na yeye, kila anapoingia porini, Mungu amrudishe mlangoni kwako kwa miguu yake yote miwili.