Kinyozi wa Montero aliyerudi darasani kumtafuta mkewe

Saa mbili asubuhi, mlango wa kinyozi Rómer Pedraza uko wazi na kiti kimoja kimeshakaliwa. Mzee Lalo, mteja wa miaka mingi, amefungwa shuka shingoni anasubiri wembe.

"Leo huna kichekesho, Rómer?"

"Ninacho cha mama mkwe wako," kinyozi anajibu, "ila tulia kwanza, nisije nikakuondoa sikio."

Waliokaa kwenye benchi wanaangua kicheko. Ng'ambo ya barabara, Casilda Huarachi anapanga viazi na nafaka ya kinoa juu ya meza yake ya biashara. Ananyanyua macho, anamtazama mumewe, kisha anaendelea. Mwaka jana, mwezi kama huu, meza hiyo ilikuwa tupu.

Rómer, mwenye umri wa miaka 44, ni mzaliwa wa hapa Montero, mashariki mwa Bolivia, kwenye joto na mashamba ya miwa, ambako watu huongea kwa sauti na utani ndiyo salamu. Mkewe Casilda ni wa kabila la Waaymara, kutoka kijiji kimoja karibu na Oruro, huko juu milimani, ambako mtu hupima neno kabla ya kulitoa. Walioana miaka tisa iliyopita. Ndugu wa pande zote mbili waliguna.

"Nilijiona nimewashinda wote," anasema. "Kumbe nyumba nilikuwa naibomoa mwenyewe."

Aliibomoa kwa mdomo. Hakukosa kichekesho cha watu wa milimani: wabahili, hawaogi, baridi imewagandisha ulimi. Casilda akiingia na chakula cha mchana, kichekesho kilimalizikia kwake. Aliweka sahani, akatoka.

"Hakuwahi kulalamika. Nikajua hana neno."

Nyumbani ndiko kimya hicho kilikomchoma Rómer. Aliuliza, asijibiwe; akapandisha sauti, Casilda akazidi kunyamaza. Kwa akina Casilda, anayefoka huachwa apoe. Kwa Rómer, anayekunyamazia amekudharau.

Machi mwaka jana alirudi kutoka kazini akakuta kabati limebaki na nguo zake tu. Casilda alikuwa amepanda basi la Oruro na binti yao wa miaka saba, Danitza. Rómer alipiga simu kila siku. Simu ilipokelewa mara moja tu.

"Akaniambia, 'Kituo cha afya kuna mafunzo ya wanandoa, Jumamosi nane. Kajiandikishe. Ukimaliza ya kwanza bila kukimbia, ya pili nitakuwepo.' Akakata."

Akaenda peke yake, katikati ya jozi kumi na mbili. "Watu ninaowanyoa wakaniuliza, 'Wewe umekuja kutunyoa au umeachwa?' Nikasema vyote viwili."

Casilda alitimiza ahadi. Jumamosi ya pili, muuguzi Eufronia Landívar, anayeendesha mafunzo hayo, alitoa zoezi: mmoja aseme linalomuuma, mwenzake arudie alichosikia, bila kujitetea.

Casilda alianza, macho sakafuni.

"Mama alipokuja kututembelea, alitaka kumpeleka Danitza shuleni. Mtoto akamwambia, 'Bibi, usije na hiyo sketi yako ya milimani, watakucheka kama wanavyocheka kwa baba.' Mama hajui Kihispania vizuri. Akaniuliza mtoto kasema nini. Nikamdanganya."

"Anasema mtoto... lakini mimi sikumfundisha mtoto—"

"Umesikia nini?" muuguzi akamkatiza.

"Ule ulikuwa utani tu, jamani!"

"Bwana Pedraza. Umesikia nini?"

Rómer akamgeukia mkewe.

"Nimesikia kwamba mwanangu anamwonea bibi yake aibu," alisema hatimaye. "Na ameitoa kwangu." Akalia palepale.

Zamu yake ilipofika, alisema kwamba kuishi na kimya cha mkewe ni kama kulala nje ya mlango wa nyumba yako. Casilda aliyarudia yote, neno kwa neno, bila kuhitaji kuambiwa tena. Kisha akaongeza, "Sikujua kwamba uko nje."

Mafunzo yalipokwisha, Casilda na Danitza walirudi nyumbani. Siku hizi Casilda akikasirika husema, "Nipe hadi kesho," na kesho ikifika huongea. Rómer anakiri kwamba kuungoja usiku upite ni kazi ngumu kuliko kunyoa watoto. Vichekesho vya milimani vimekwisha. Wateja watatu wamehamia kwingine, wakidai amekuwa padri.

Si wote waliofaidika. Jozi mbili zimeachana hata hivyo.

"Bado anaongea mno," anasema Casilda, ambaye amevuka barabara kuleta wali na maharage. "Ila sasa anapumzika katikati. Mtu unapata pa kuingilia."

"Nimeshusha pumzi, dada yangu," Rómer anamwambia mwandishi. "Nikifika nyumbani nikasikia sufuria zinagongana jikoni, nashukuru."

Agosti watapanda basi wote watatu kwenda kijijini kwa mama mkwe. Rómer anafundishwa na mkewe namna ya kuomba msamaha kwa Kiaymara, na huyarudia maneno hayo huku akinoa wembe. Casilda amejitolea kumtafsiria, asije akaaibika.

"Nimekataa," anasema Rómer. "Niliyemkosea ni mama yake. Nataka anisikie mimi mwenyewe, hata nikikosea matamshi."