Safari Niliyomsingizia Marehemu

Mimi ni dobi. Mke wangu naye alikuwa dobi, ila yeye alikaa chumba cha mbele akipokea nguo, mimi nyuma kwenye pasi. Akishika kola ya shati tu alijua ni la nani. Mungu amrehemu, ametangulia. Mpaka leo nikiingia kile chumba cha mbele asubuhi, napiga hodi.

Binti yetu anafanya kazi nchi ya mbali, kijijini, kwenye nyumba ya wageni. Ni kwenye milima na maziwa. Majani mabichi mpaka juu, kuta za mawe, kondoo, ukungu. Alikuwa akitutumia picha, na mimi nilizitazama mpaka shati la mtu likanuka kuungua. Mke wangu alizitazama mara moja, akarudisha simu.

"Nikafuate baridi, kwani hapa nimekosa nini?" alisema. "Nenda wewe. Utanikuta."

Halafu kiharusi kikamlaza, na habari ya safari ikaishia hapo. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimfulia. Sikutamani kuwa mahali pengine.

Msiba ulipokwisha, binti akapiga simu. "Baba, njoo kwangu upumzike. Njoo wakati kondoo wanazaa, baridi inakuwa imepungua."

Moyo ukaniruka. Haukuwa umeruka kwa muda mrefu. Hapohapo nikaona haya, maana njia ilikuwa imefunguka, na kilichoifungua ni kifo chake.

Kuna mwenzangu wa kazi, tunamwita Mvuke kwa vile anachemka upesi. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mzee, msiba haujapoa, unakwenda kutembea?"

"Marehemu ndiye aliyetaka," nikasema. "Alikuwa na hamu na ile milima. Namwendea yeye."

Maneno yalitoka yenyewe. Mvuke akaacha kazi, akanitazama.

"Mzee," akasema, "wewe ni mume."

Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Kinyozi alininyoa huku akiniombea heri. Wanawake waliwaambia waume zao, mnaona mwenzenu? Jirani mmoja akanisimamisha njiani. "Mzee umetuharibia. Mimi sasa naambiwa sina mapenzi, na mke wangu yuko hai." Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Lakini mipango sikuiacha. Binti alinieleza yote. Nikishuka kwenye ndege napanda treni, kisha basi dogo mpaka kijijini. Chumba changu kitakuwa juu ya jiko, kwa hiyo kina joto. Kuna njia ya miguu inazunguka ziwa lote.

"Miguu yako itaweza, baba?"

"Itaweza. Hebu niambie, huko kunanyesha kila siku, nguo zinakaukaje?"

"Hazikauki. Huku wewe ungekufa njaa."

"Basi nitakuja kama mgeni. Kazi siulizi."

Nikacheka kwa nguvu. Kisha nikaziba mdomo, nikageuka kuangalia mlango. Tangu siku ile nikawa naongea naye uani, katikati ya mashuka niliyoanika, nisionekane. Nilikuwa napanga safari kama mtu anayepanga wizi.

Ndipo akaja shemeji. Ni mdogo wake mke wangu, na ulimi wake tunaujua wote. Mimi aliniita Kipara tangu siku ya posa, wakati nywele bado ninazo. Yeye ndiye aliyekuja kila wiki kumsuka dada yake, hata alipokuwa hawezi tena kuinua kichwa.

Siku hiyo hakuniita Kipara. Alikaa kwenye kiti cha mbele, akatoa kwenye mkoba mtandio wa buluu. Ulikuwa wa mke wangu.

"Alinipa mwenyewe," akasema. "Nimesikia habari ya safari. Nenda nao, ukaufunge kwenye mti pale ziwani alipotaka kufika."

Nikaupokea. Ningefanyaje?

"Ila nimelia, shemeji. Miaka yote namsuka, tunaongea kila kitu. Mambo yako yote alinisimulia, hata unavyokoroma. Hili la milima hakuniambia. Nilidhani namjua dada yangu. Kumbe alikuwa na jambo moyoni akanificha."

Alisema hivyo polepole, akitazama sakafu. Nilitamani nizame. Ningenyamaza, angeondoka, na mimi ningebaki na sifa zangu. Yeye angebaki akijiuliza maisha yake yote dada yake alimkosea nini.

"Hakukuficha," nikasema.

"Nini?"

"Hakuwa na hamu hiyo. Aliogopa baridi. Anayetaka kwenda ni mimi."

Akaingia mteja kuchukua suruali. Nikamtafutia, nikamkunjia. "Mzee, safari njema," akasema, "marehemu atafurahi huko aliko." Nikaitikia kwa kichwa. Shemeji akangoja mlango ufungwe.

"Kwa hiyo umemsingizia mtu asiyeweza kukukanusha."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kufurahi."

"Na unafurahi?"

Nikageukia rundo la nguo, nikaanza kulipanga.

"Nakuuliza, shemeji."

"Nafurahi," nikasema. "Nikiamka nakuwa na huzuni, halafu nakumbuka safari, nafurahi. Halafu nakiona kiti chake."

Akanyoosha mkono. Nikampa mtandio. Akaukunja vizuri, pembe kwa pembe, akaurudisha mkobani.

"Huu unarudi kwangu. Dada yangu hakutaka kwenda, na hatapelekwa." Akasimama. Alipofika mlangoni akashika kitasa. "Aliogopa baridi," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Hata kipupwe kidogo tu anataka blanketi mbili. Ndiyo. Huyo namjua."

Uso wake ulikuwa umelegea. Wangu sikujua niuweke wapi.

"Wewe nenda," akaniambia. "Sijasema usiende. Lakini hao uliowadanganya utawaambia mwenyewe. Mimi simo."

Nikaanza na Mvuke. Alikuwa anatia wanga mashati. Nikamwambia yote, nimesimama. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," akasema, "mke wangu ananinunia kwa ajili yako."

"Mwambie."

"Mwambie wewe."

Akainamia mashati yake. Kweli, hakuwa na deni la kunisaidia.

Nikatoka kwenda kwa kinyozi. Mtaa wetu ni mrefu, na siku ile niliuona mrefu zaidi. Kila mlango ulinisalimia. Kwa kinyozi nilikuta wazee wenzangu wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu. Waliponiona wakasogea, wakanipisha nafasi ya katikati.

"Karibu, mume wa kweli," mmoja akasema. "Kaa hapa."

Sikukaa. Nikavua kofia, nikawaambia nina neno.