Ghorofa ya Mama na Dirisha la Choo

Shule niliachia darasa la tano, na leo nauzia watu wa digrii simiti na mabati hapa Kitengela. Kwa hivyo nilipoamua kumjengea mama ghorofa kwetu Entarara, chini ya Kilimanjaro, sikuhitaji mtu wa kunichorea ramani. Nilichora mwenyewe.

Ilikuwa ghorofa ya kwanza kijijini. Historia yetu ni fupi: kila mtu alifika akikimbia kitu. Babu yangu alikimbia ukame na ng'ombe waliobaki. Jirani yetu mkulima wa nyanya alikimbia shemeji zake. Mzee Msomali mwenye duka alisema anapumzika kidogo tu. Sasa wajukuu wake wanatushinda matusi ya Kimaa, lugha yetu wenyewe. Wote walisimama hapa kwa sababu mlima ulikuwa mbele, hakuna pa kuendelea.

Madirisha makubwa yote niliyaelekeza barabarani. Ghorofa ni ya kuonekana, na pazia zake pia. Upande wa mlima nikaweka choo cha ndani.

Siku ya kubariki nyumba, pasta amefika, mbuzi wako motoni, mama akakataa kuhama. Alikaa mlangoni pa nyumba yake ya udongo akasema tangu aolewe hajawahi kuongea na mtu asubuhi kabla ya kuuangalia mlima. Huko ndiko anakosoma mvua. Kwangu angesoma nini, pikipiki? Kijiji kizima kilisogea karibu kuona kama mwenye ghorofa atashindwa na mamake.

"Yeyo, mama yangu, mlima hauendi mahali," nikamwambia.

"Hata mimi siendi."

Nikambembeleza aingie aone tu. Akapita sofa bila kuigusa, akapanda ngazi akishika ukuta, akafungua mlango mmoja baada ya mwingine. Tulimkuta chooni, amekalia kifuniko, dirisha wazi, Kilimanjaro nzima mbele yake.

"Hii ndiyo sebule," akasema. "Leteni viti."

Pasta aliombea mlangoni, akafupisha. Mzee Msomali alikataa katakata chai ya chooni, akainywea kwenye ngazi.

Mama alihamia jioni hiyo. Mpaka leo wageni anawapokea huko, na historia ya kijiji anaisimulia akiwa juu ya kifuniko. Mimi nikienda nyumbani nikibanwa, natembea mpaka choo cha shimo nyuma ya nyumba ya zamani. Lakini nitajieni nyumba nyingine Entarara yenye sebule kama hiyo. Nilichora mwenyewe.