Marahaba Niliyoitikia

Jamani, aibu hii mie sijui nitaipeleka wapi. Nafundisha kwaya ya watoto hapa Mwananyamala. Jumamosi iliyopita wingu lilitanda, umeme ukakatika, ukumbi ukawa giza. Nikaona mmoja kaingia kachelewa, mfupi, mwembamba, kavaa fulana yetu ya njano na mtandio, kaenda kukaa nyuma kimya. Mie kwenye adabu sina mchezo. Nikafoka, "We binti! Unaingia kama chooni, hata kuamkia hujui?"

Akanyanyuka taratibu. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba! Haya, njoo mbele uimbe."

Akaja, akaimba, sauti inatetemeka. "Fungua mdomo! Hukula mchana?" Watoto kimya kabisa, nami nikajua ndiyo nidhamu yangu hiyo.

Umeme ukarudi. Mbele yangu kasimama mama wa watu, rika la mama yangu mzazi, mvi zinachungulia kwenye mtandio. Fulana zile tuliwagawia na walezi, nami nikasahau!

Rehema, mwanakwaya wangu mdogo kuliko wote, akaja kumshika mkono, kisha akaniuliza, ukumbi mzima unasikia: "Mwalimu, kwani wewe ni mkubwa kuliko bibi yangu?"